Swali la Mpemba darasani kwangu

Nafundisha fizikia shule ya kata, kidato cha pili na cha tatu. Maabara yetu ni kabati moja, lakini kilichokuwa kikinitesa zaidi ni ukimya. Unauliza, "Kuna swali?" Darasa zima: "Hakunaaa." Ukija kusahihisha mtihani, unashika kichwa. Wengi walishajiambia kwamba sayansi ni ya watoto wa shule za ada kubwa.

Ndipo nikawasimulia habari za Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania aliyejulikana kwa kuuliza kwa nini kitu cha moto kinaweza kuganda kabla ya cha baridi. Umaarufu wake niliuacha kwanza, nikaanzia kwenye kugombea friji. Mwaka 1963, Magamba Sekondari kule Lushoto, yuko kidato cha tatu, wanatengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa na sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka. Nafasi zikawa zinaisha, akaweka yake ya moto vivyo hivyo. Ikaganda kabla ya ile ya mwenzake ambayo haikuchemshwa kabisa. Kumuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu wa huko akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Wenzake wakaufanya utani. Darasa langu nalo likacheka, na mimi sikuwanyamazisha, maana nani hapo hajawahi kuchekwa?

Akiwa huko huko Mkwawa, akaja mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akauliza lile lile. Wakamcheka tena. Osborne aliporudi chuoni akataka lipimwe, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa katika jarida la fizikia.

"Madam, kwa hiyo ni kweli?" aliuliza binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sauti yake nilikuwa naisikia kwenye mahudhurio tu.

Nikamwambia wanasayansi wanabishana hadi leo, wapo waliopima wasilione jambo hilo. Hapo ndipo darasa lilipoamka. Kumbe jibu bado linatafutwa!

Tukaenda kwa mama anayeuza barafu jirani na shule, vikombe viwili vya maji, cha moto na cha baridi. Cha baridi kikaganda kwanza. "Mpemba katudanganya," akasema mmoja. Mwingine akamkatiza: yeye aligandisha maziwa, sisi maji. Yule binti akadai kikombe cha moto kiliwekwa karibu na mlango, na mlango ulikuwa unafunguliwa kila mteja akija. Walibishana njia nzima.

Sasa wanataka kurudia kwa maziwa. Mama barafu amekubali, ila safari hii luku tuchangie.