Mswahili wa Wapi?

Mpaka Horohoro nilikuwa abiria kama abiria wengine. Mhuri ukagongwa, nikavuka upande wa Lungalunga, nikasimama kwenye kibanda cha kwanza na kusema nilivyozoea kusema maisha yangu yote: "Kaka, naomba maji ya baridi." Kijana hakuuliza natoka wapi. Alimgeukia mwenzake, akairefusha ile "naomba" kwa sauti laini mpaka wote wawili wakaangua kicheko, kisha akanikabidhi chupa. "Karibu Kenya, Mtanzania." Hakukuwa na ubaya wowote. Ila Dar es Salaam Kiswahili changu hakimwambii mtu lolote kuhusu mimi, na hapa maneno matano yalitosha kuwa pasipoti.

Kwenye matatu ya kwenda Likoni nilipata kiti jirani na mlango, nyuma ya makanga, na nikawa na kazi ya kumsikiliza njia nzima. Simu ikilia, alizungumza Sheng: "Buda, nakam sai," huku kiwiliwili kizima kikining'inia nje na kofia ameisukuma kisogoni. Mama mmoja akapanda na kapu, yule kijana akalipokea kwa mikono miwili na kuanza kumwamkia kwa Kidigo, salamu juu ya salamu, sauti imeshuka, kofia ameivua. Kisha akanigeukia mimi kudai nauli, akanipa Kiswahili cha darasani, polepole, kila neno limepigwa pasi, kama mtu anayejibu mtihani wa mdomo. Nilimwambia aseme tu anavyosema siku zote. Akacheka: "Wewe ni mgeni, lazima nikuheshimu." Na kweli ilikuwa heshima. Lakini heshima ya sebuleni, ambayo haimpi mgeni ruhusa ya kuingia jikoni.

Feri ya Likoni sina la kusema juu yake zaidi ya msukumano.

Niliyoyafuata mimi yalikuwa Mji wa Kale, Mombasa. Mwenyeji wangu alinipeleka barazani kwa mzee mmoja, jirani yake, baada ya sala ya alasiri. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, tukazungumza habari za safari. Kisha akauliza, bila kunitazama usoni: "Wewe ni Mswahili?"

Kwetu swali hilo halina uzito. Mswahili ni yeyote: jirani wa uswahilini, mtu mwenye maneno mengi, wewe, mimi. Nikajibu ndiyo. Mzee akatulia. "Taifa gani?" Hapo nikanyamaza, kwa sababu Mombasa Uswahili una nasaba. Kuna Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili yanayogawanyika kuwa Thelatha Taifa na Tisa Taifa, matatu na tisa, na mtu huzaliwa ndani yake. Nikalazimika kueleza: baba Mluguru, mama Mnyakyusa, hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake, nyumbani tukasema Kiswahili. Shuleni pia Kiswahili. Tangu 1967 ndicho kilichofundishia shule zetu za msingi za serikali. Kiluguru najua kusalimia tu. Kinyakyusa hata hicho sijui.

"Basi wewe ni Mluguru mwenye kusema Kiswahili," akahitimisha mzee. "Nyote mwaisema, lakini lugha hini ni yetu sisi."

Nilikasirika, na sioni haya kusema. Yeye ana taifa, ana mtaa, ana makaburi ya wazee wake hatua chache kutoka barazani. Mimi nikinyang'anywa Kiswahili sina lugha nyingine ya kurudi kwayo. Huko Morogoro wanangu wakimtembelea bibi yangu, mimi ndiye mkalimani mbovu.

Ila mzee naye alikuwa na lake, na lilikuwa zito. Mwaka 1928 mkutano wa serikali za kikoloni ulikaa humu humu Mombasa na kuamua kwamba msingi wa Kiswahili Sanifu uwe Kiunguja. Mji ukawa mwenyeji wa kikao kilichoipita lahaja yake, Kimvita. Kamati ya lugha ikaundwa 1930, vitabu vya shule vikafuata mkondo huo, na mtoto wa Mvita aliyeandika "tini" badala ya "chini", au "mato" badala ya "macho", akapigiwa mstari mwekundu. "Mtoto aambiwa hajui lugha ya mamake," mzee alisema, "na mwenye kumwambia ameisoma kitabuni." Mimi hufanya kazi ya kusahihisha miswada. Nimechora mistari hiyo mingi, na pale barazani sikupata la kumjibu.

Kutoka Mombasa kwenda Lamu ni mwendo: Malindi, Garsen, Witu, vizuizi vya askari, vitambulisho mkononi, hadi Mokowe ambako basi huishia na boti huanzia. Mwenyeji wangu alifuatana nami, na njia nzima alinionyesha Kimvita chake kwa fahari. Tulipokanyaga gati ya Lamu fahari ikapungua. Mchukuzi alimsikiliza sentensi moja akamwita "mtu wa Mombasa", kwa kicheko kile kile nilichokisikia Lungalunga. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Tulipokelewa na bwana mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa mbao. "Ndoo, keti," alimwambia mjukuu wake, yaani njoo ukae. Sisi akatuambia "Karibuni, ketini," kwa Kiswahili cha redioni. Tulipokuwa tunakula nilimsimulia swali la mzee wa Mombasa. Akafuta mkono, akasema Mombasa wajisifu tu, kwani mashairi makubwa ya zamani yalitungwa kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Mwana Kupona alimuusia bintiye kwa utenzi wa lugha hii mwaka 1858, na mpaka leo mwenye kutaka tenzi yake isikike ya kale huazima maneno ya huku. Kwa hiyo wenyewe ni Lamu?

"Aa, sisi tulipata kwa Pate," akasema. Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mtu wa Pate.

Nikauliza kama kuna boti. Zipo, akaniambia, hufuata maji kujaa, ila nisiende na swali hilo. Kisiwa cha Pate ni kimoja lakini Siu ina msemo wake, Faza wake, na mji wa Pate wake, na kila mji utaniambia wale wengine waiharibu lugha. Mwenyeji wangu alitaka twende hivyo hivyo, akawasikie. Mimi ruhusa ya kazini ilikuwa inaisha, na kulikuwa na mswada wa mtunzi wa Mombasa unaningoja mezani.