Miti ya Serengeti kutoka angani: nabaki na picha za kiangazi

Nimeziondoa picha zote za masika. Ukitafuta miti kwenye savana, picha ya Aprili haikusaidii: nyasi zimeshiba mvua, migunga imechipua, na setilaiti ya Landsat ikipita kilomita 705 juu inaona kijani kitupu. Nimebakiza za Juni mwishoni hadi Agosti, nyasi zikiwa zimekauka na migunga mingi bado ina majani. Kijani kinachosalia kwenye NDVI, yaani kipimo cha ukijani wa mimea, wakati huo kwa sehemu kubwa ni cha miti.

Eneo langu ni Seronera, katikati ya Serengeti, na pembezoni mwake. Nimelichagua kwa sababu ya sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe na nyumbu. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, ugonjwa ukawatoka na nyumbu pia, nao wakaongezeka kutoka kama 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Midomo yote hiyo ikafyeka nyasi, moto ukakosa cha kuunguza, na miche ya migunga iliyokuwa ikiungua kabla ya kurefuka ikapata nafasi. Chanjo ya ng'ombe ikaotesha miti! Landsat 5 ilirushwa mwaka 1984, kwa hiyo mwanzo wa mabadiliko hayo haumo kwenye picha zangu. Ninachofuata ni kilichoendelea baadaye.

Pikseli moja ya Landsat, yaani nukta moja ya picha, ni mita 30 kwa 30. Ndani yake inaweza kukaa migunga miwili mitatu, nyasi, udongo na kivuli, vyote vikichanganywa kuwa namba moja. Ndiyo maana sihesabu miti, nakadiria asilimia ya ardhi inayofunikwa na majani yake. Kwa miaka ya karibuni nalinganisha na Sentinel-2, setilaiti zenye pikseli za mita 10, ambapo miti ya kando ya mto inajichora vizuri kama uzi wa kijani.

Kinachonisumbua zaidi ni moto. Mahali palipoungua NDVI inashuka ghafla, ungedhani miti imekatwa, kumbe imesimama palepale. Makovu hayo nayafunika yote kabla ya kukokotoa. Picha za Landsat 7 nazo zina mistari mitupu kuanzia Mei 2003, ila hiyo inajulikana na inavumilika.

Sasa nasawazisha Landsat 5 na Landsat 8, maana bendi zao, yaani sehemu za mwanga zinazopima, hazilingani na NDVI ya Landsat 8 huelekea kuwa juu kidogo. Nikichora grafu kabla ya hapo, nitaona miti imeongezeka mwaka 2013 kwa sababu tu kamera imebadilika.