Mama kuharisha baada ya dawa ya saratani inayoamsha kinga ya mwili: jinsi nilivyotatua

Mama anatibiwa saratani ya mapafu Dar es Salaam kwa dripu ya pembrolizumabu kila baada ya wiki 3, kisha tunarudi nyumbani Ngamiani, Tanga. Akaanza kuharisha mfululizo. Zahanati ya jirani ikampa dawa ya minyoo na ORS.

Pembrolizumabu haiui saratani yenyewe kama kemo. Huulegezea breki mfumo wa kinga, nao ukizidi ukali hushambulia hata utumbo, ngozi, mapafu au tezi ya shingo. Madhara haya yanaweza kutokea hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho.

Nilichukua daftari, nikaandika kila alipokwenda chooni: saa, kama kuna damu au kamasi, tumbo linauma wapi, amekunywa vikombe vingapi. Nikampigia daktari wake wa saratani, nikamsomea ukurasa mzima. Akauliza: kawaida yake ni mara ngapi kwa siku? Ongezeko juu ya kawaida ndilo wanalopima. Akaagiza vipimo vya choo, kisha prednisoloni, vidonge vya kutuliza kinga iliyozidi ukali.

Kuharisha kukatulia. Mama alipoweza tena kula wali wa nazi alitaka kuacha vidonge. Nilikataa katakata, kwa upole lakini. Hupunguzwa polepole kwa wiki kadhaa, ukikatisha ghafla tatizo hurudi.

Kilichonisaidia zaidi ni barua ya daktari yenye jina la dawa na namba yake ya simu. Inakaa kwenye pochi ya mama. Akipata kikohozi kipya au pumzi ikimpungua, tunakwenda hospitali saa hiyo hiyo, na barua mkononi.