Mboji ya nyumbani bila harufu, kilichonisaidia ni majani makavu

Nikimwambia mtu natengeneza mboji nyumbani, yaani mbolea ya mabaki ya jikoni yaliyoozeshwa, swali la kwanza ni hilohilo, hainuki? Hainuki. Ukisogea karibu na pipa langu unasikia harufu ya udongo uliolowa basi, na sio kwamba kuna dawa nimeweka au pipa lenyewe ni la kisasa, hapana, ni lile gunia la majani makavu lililokaa pembeni yake. Naandika hivi kwa sababu maelezo mengi niliyokuwa naona yanaanza na mapipa, mara la kuzungusha, mara la ghorofa ghorofa, mtu anakata tamaa kabla hajaanza, kumbe pipa ndo kitu cha mwisho kabisa kuwaza.

Kilichonisukuma ni uzito wa ndoo ya taka. Plastiki inajaza ndoo haraka ila ni nyepesi, kinachovunja mkono ukiibeba ni vitu vyenye maji, maganda, mboga zilizonyauka, matunda yaliyooza, majani ya chai. Na hivi vikifika dampo vinafukiwa chini ya taka zingine, hewa hakuna, wanabaki wale bakteria wasiohitaji oksijeni na wao wanatoa methani, gesi ambayo ndani ya miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 ukilinganisha na hewa ukaa ya uzito uleule. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walikadiria kwamba mwaka 2022 chakula kilichotupwa duniani kilifika tani bilioni 1.05 na asilimia 60 kilitoka majumbani, yaani sio mahotelini wala madukani, ni jikoni kwetu sisi. Sasa chakula kinacholika ni bora kiliwe, mboji sio kibali cha kutupa, ila maganda hayaliwi, hayo lazima yaende mahali.

Pipa nilichukua dumu kubwa la plastiki lililokuwa limepasuka mfuniko, nikatoboa matundu pembeni na chini kwa msumari uliochomwa moto, nikaliweka juu ya matofali ili maji yashuke na hewa ipite, juu nikafunika na kipande cha ubao. Imeisha hiyo. Chini kabisa niliweka vijiti vijiti, halafu majani makavu ya kutosha.

Utaratibu ni kwamba kila nikimwaga mabaki ya jikoni nayafunika hapohapo na makavu, na makavu yanakuwa mengi kuliko mabichi, kama mara mbili au tatu kwa ujazo. Wanaoozesha vitu ni vijidudu, na vijidudu vinataka kaboni na nitrojeni kwa pamoja, kama sehemu 25 mpaka 30 za kaboni kwa moja ya nitrojeni. Mabichi yana nitrojeni nyingi, makavu kama majani, maboksi, maranda ya mbao yana kaboni nyingi. Huna haja ya mizani wala kikokotozi, pua inatosha. Ukisikia harufu kali inayochoma kama ya mkojo hiyo ni amonia, nitrojeni imezidi, ongeza makavu. Ukisikia yai bovu maana yake maji yamejaa na hewa haipiti, hapo ongeza makavu na ugeuze. Kwa hiyo karibu kila tatizo dawa yake ni ileile ya kwenye gunia lol.

Maji napima kwa mkono. Nachukua fumba moja kutoka katikati ya pipa, sio juu maana juu panadanganya, nakamua kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole ni sawa, ukifungua kiganja donge linabaki limeshikana lakini ukiligusa kidogo linasambaratika. Maji yakichuruzika yamezidi, donge lisiposhikana kabisa ni kavu mno na kazi itasimama, vijidudu havifi ila vinalala tu.

Kuna kipindi mvua ilipiga mfululizo na upepo ukaondoka na ule ubao wa juu, kwenda kuangalia nakuta uji mweusi na harufu ambayo mama aliisikia akiwa chumbani kwake. Na mama tangu mwanzo alishaniambia, mwanangu hayo mavitu yako yakae mbali na dirisha langu. Nikachana maboksi vipande vidogo kwa mikono (maboksi ya kawaida yale ya kahawia, selotepu unabandua kwanza), nikamwaga kwa wingi, nikageuza na mti mrefu kutoka chini kuja juu mpaka ikawa inapitisha hewa. Harufu ilikata haraka sana, we mwenyewe ungeshangaa. Tokea hapo juu ya ubao kuna jiwe.

Makavu yenyewe ndo yanahitaji akiba. Majani hudondoka kwa msimu, mabaki ya jikoni yapo kila siku, kwa hiyo majani yakidondoka nakusanya hata ya majirani, wao wanataka kuyachoma mi nayataka, kila mtu anafurahi na moshi hakuna.

Visivyoingia kwenye pipa langu: nyama, samaki, mafuta, maziwa, maana hivyo vinaita panya. Kinyesi cha mbwa na paka pia hapana, kinaweza kuwa na vimelea vya magonjwa na pipa dogo halipati joto la kuviua. Hili la joto watu wanalichanganya sana, ile mboji unayoona inatoa mvuke ni rundo kubwa, la kama mita moja kila upande, ndo linashika joto la nyuzi 55 na kuendelea na kuua mbegu za magugu. La kwangu linapata uvuguvugu tu, kwa hiyo magugu yenye mbegu siweki, na inachukua miezi mingi zaidi, sina haraka. Stika za kwenye matunda zitoe, ni plastiki. Pakiti za chai za kuchovya nyingi nazo zina plastiki ndani yake, nachana namwaga majani ya chai pakiti natupa. Na samadi au nyasi zilizopuliziwa dawa ya kuua magugu uwe makini nazo, kuna dawa zinaweza kupita kwenye mboji bila kuisha na kuja kukunja majani ya mboga zako baadae.

Mtu akiona funza anakimbia. Wale wakubwa wa rangi ya kijivu kahawia wenye mwili wa pingilipingili mara nyingi ni watoto wa aina ya nzi mweusi mwembamba anayefanana na nyigu, nzi mwenyewe akishakuwa mkubwa hahangaiki na chakula chako wala haumi. Mi nawaacha, wanakula balaa. Wakizidi nafunika na makavu zaidi wanapungua wenyewe.

Jikoni kuna kopo lenye mfuniko, chini nimetandika karatasi kavu, linamwagwa kila jioni. Kazi ilikuwa watu wa nyumbani, kila mtu anatupa anapojisikia, nikaona kuelezea mambo ya methani mezani hakusaidii, nikalihamisha kopo likakaa palepale wanapokatia mboga na ndoo ya taka nikaisogeza mbali. Mjadala ukaisha.

Ikiiva inakuwa nyeusi, laini, huwezi kutambua nini kilikuwa nini. Usiwahi kuitumia mbichi maana vijidudu vitaendelea kula na vitachukua nitrojeni ya mmea, majani yanaanza kuwa njano halafu unalaumu mboji. Nikiwa na wasiwasi naotesha mbegu chache za kuota haraka kwenye kopo la mboji iliyochanganywa na udongo, zikitoka vizuri naendelea. Kwenye makopo ya maua nachanganya moja ya mboji na tatu za udongo, bustanini natandaza juu unene wa sentimita tatu hivi bila kugusa shina. Maganda ya mayai na mbegu ngumu huwa hazijaisha, nachekecha na wavu, vinavyobaki juu vinarudi kwenye pipa na vile vijidudu vyake vinaanzisha raundi inayofuata.