Ubongo wa mtoto tumboni: majibu yaje na milimita

Siku hizi hapa Dar wapo wanaolipia kipimo cha damu cha DNA ya mtoto, na majibu yakirudi safi wanaiacha ultrasaundi ya wiki ya 20. Hesabu hiyo si sahihi. Damu ile, inayochukuliwa kwa mama kuanzia wiki ya 10, hutafuta kromosomu zilizozidi, hasa ya 21, 18 na 13. Umbo la ubongo haigusi. Mtoto mwenye mgongo wazi au maji kichwani anaweza kupata majibu safi kabisa, kwa kuwa wengi wao kromosomu zao ziko sawa.

Anayetaka kuuona ubongo apige ultrasaundi, kati ya wiki 18 na 22. Ile ya wiki 14 ya kuulizia jinsia ni mapema mno. Ya mwezi wa nane nayo imechelewa: fuvu limekomaa, linazuia mawimbi, na kichwa kimeshashuka kwenye nyonga. Umri wa mimba nao uwe wa uhakika. Picha iliyopigwa kabla ya wiki 14, mtoto akapimwa kutoka utosini hadi makalioni, inaaminika kuliko tarehe ya hedhi, kwa hiyo nenda nayo. Umri ukizidishwa kimakosa kwa wiki tatu, kichwa cha kawaida kitaandikwa kidogo.

Mpimaji makini hukata picha ya kichwa kwa mlalo katika sehemu tatu. Ya kwanza hupita kwenye vyumba vya maji vya ubongo, ya pili kwenye kiini cha ubongo ambako huchukuliwa BPD (upana wa kichwa) na HC (mzunguko wake), ya tatu huinamishwa kuelekea kisogoni. Ripoti nyingi huishia kwenye hiyo ya pili, kisha yakaandikwa maneno mawili: mtoto mzima. BPD na HC ni ukubwa wa kichwa tu. Kichwa chenye vipimo vizuri kinaweza kuwa na vyumba vilivyojaa maji ndani.

Chumba cha maji hupimwa sehemu yake ya nyuma, ukuta wa ndani hadi ukuta wa ndani, na kinatakiwa kiwe chini ya milimita 10. Mkato ukienda mshazari, namba inapanda bure. Isitoshe, nusu ya ubongo iliyo karibu na kifaa hufunikwa na mwangwi wa fuvu, hivyo mara nyingi kinachopimwa ni chumba cha upande wa mbali peke yake. Subiri mtoto ageuke, au mama azunguke kidogo nje na kurudi.

Kisogoni, upana wa ubongo mdogo (serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo) kwa milimita hukaribiana na idadi ya wiki katika kipindi hicho: wiki 20, kama milimita 20. Uwazi wa maji nyuma yake uwe kati ya milimita 2 na 10. Uwazi huo ukipotea, ubongo mdogo ukapinda kama ndizi na paji la uso likabonyea pande zote mbili, mpimaji arudi kwenye uti wa mgongo na kuukagua pingili kwa pingili. Dalili hizo za kichwani ndizo zinazofichua mgongo wazi, hata pale kidonda chenyewe hakionekani.

Chumba cha maji kikitoka milimita 10 hadi 12 bila kasoro nyingine, wengi wa watoto hao hukua vizuri. Rudia baada ya wiki mbili hadi nne, na mama apimwe maambukizi ya toksoplazma na ya kirusi cha CMV. Zaidi ya 15 ni jambo zito. MRI, yaani picha ya sumaku, husaidia zaidi wiki zikisonga, kwa sababu mikunjo ya ubongo hujitokeza baadaye, na hufanywa bila dawa ya kung'arisha picha. Kabla ya kulipia, uliza kama yupo wa kusoma picha za mtoto aliye tumboni. Mashine peke yake haitoshi.

Mgongo wazi ukithibitishwa, panga kujifungulia karibu na upasuaji wa ubongo wa watoto, kama ulio MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili. Mtoto alazwe kifudifudi, kidonda kifunikwe kwa gozi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, kisipakwe spiriti, na kifungwe kwa upasuaji ndani ya saa 48 hadi 72.