Kidonge cha damu si cha kila aliyepauka

"Damu yake imepungua." Kauli hii utaisikia kliniki, na utaisikia barazani, Unguja na Pemba, kana kwamba ni jina la maradhi. Ni dalili tu, kama homa. Mwenye upungufu wa madini ya chuma, mwenye safura, mwenye kichocho na mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) wote hupauka, na dawa zao ni mbalimbali.

Kupauka kunatazamwa mchana, nje, si chini ya taa ya chumbani. Vuta kope la chini uone nyama ya ndani kama ni nyekundu au imefifia, kisha tazama ulimi. Wengi hukimbilia viganja na kucha, na hapo kwetu pana mtego: hina. Aliyetoka harusini juzi atakuonesha vidole vyekundu kabisa na huku damu imemwishia.

Halafu uliza anatafuna nini. Mjamzito anayekula mchele mbichi kiganja baada ya kiganja, udongo, au barafu, huchekwa kuwa ana tamaa za mimba. Mara nyingi ni chuma kilichopungua. Uliza kwa upole, kwa sababu wengi huona haya na watakukatalia.

Kipimo cha himoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba hewa, ndicho kinachokata maneno. Kwa gramu katika desilita moja, mwanamme huhesabiwa ana upungufu chini ya 13, mwanamke asiye na mimba chini ya 12, mjamzito chini ya 11, na mtoto wa chini ya miaka mitano pia karibu na 11. Mjamzito au mtoto mdogo aliye chini ya 7 apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ukipata picha kamili ya damu, omba usomewe ukubwa wa chembe nyekundu, ulioandikwa MCV. Kwa mtu mzima, zikiwa chini ya 80, chuma ndicho mtuhumiwa wa kwanza, ingawa thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, nayo huzifanya ndogo.

Kidonge cha kawaida cha feras salfeti cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Meza kwa maji yaliyokamuliwa ndimu. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, ikae mbali nacho kwa saa mbili, kwani hukikamata chuma tumboni kisiingie mwilini. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Kikikusumbua tumbo, meza baada ya chakula, au umuulize daktari kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja, usiache kimya kimya. Baada ya wiki nne himoglobini iwe imepanda angalau gramu moja. Hata ikifika kawaida, endelea miezi mitatu ili ghala la mwili lijae. Wengi huacha wakishaona nguvu zimerudi, na mwaka haujaisha wako pale pale. Na vidonge hivi vifungie kabatini. Mtoto akivila kama peremende vinaweza kumuua.

Juisi ya choya nayo, na kila kinywaji chekundu kinachosifiwa kuongeza damu: rangi haihami kutoka kwenye glasi. Maini, dagaa na chaza vina chuma kinachoingia kirahisi. Kisamvu na mchicha ni vizuri, ila vikamulie ndimu.

Himoglobini isipopanda, ama vidonge havimezwi, ama kuna pahala panavuja. Aina moja ya mnyoo wa safura hunyonya hadi mililita 0.2 za damu kwa siku. Minyoo mia ni mililita 20, kila siku. Huingia kupitia nyayo, kwenye udongo wenye unyevu. Albendazoli miligramu 400 mara moja hutumika, isipokuwa miezi mitatu ya mwanzo ya mimba. Mtoto wa skuli anayekojoa damu mwisho wa mkojo apimwe kichocho. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito.

Kwa nini kupima kwanza kabla ya kutoa chuma? Mwaka 2003, hapo hapo Pemba, utafiti wa kuwapa watoto wadogo chuma na foliki asidi (vitamini inayosaidia kutengeneza damu) ulisimamishwa njiani. Katika watoto takriban 24,000, waliopewa chuma waliugua sana na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Malaria ilikuwa nyingi wakati huo. Lakini katika kundi lililopimwa damu kabla, wale ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma walifaidika.

Selimundu hujitokeza baada ya mtoto kutimiza miezi sita: vidole na nyayo huvimba, macho huwa ya manjano, mtoto hulia maumivu. Baadhi ya vipimo vya haraka havitofautishi mgonjwa na mbebaji, yaani aliyerithi kwa mzazi mmoja tu na haumwi, kwa hiyo omba himoglobini ichambuliwe. Mgonjwa hupewa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku hadi miaka mitano, foliki asidi, na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, chini ya daktari anayepima damu mara kwa mara. Chuma asipewe mpaka ithibitike kimepungua. Mama afundishwe kupapasa bandama: mtoto alale chali, vidole vianzie kitovuni kupanda kwenye mbavu za kushoto. Ikiwa kubwa ghafla na mtoto amepauka, usingoje asubuhi. Homa ya 38.5 nayo haingojwi.

Limebaki lile ambalo halizungumzwi sana, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu zisivunjike. Upungufu huu huwapata zaidi wanaume. Chembe huvunjika kwa baadhi ya dawa, mfano primakwini ya dozi kubwa, na kwa vidonge vya naftalini vinavyowekwa kwenye nguo. Na tena hina! Mtoto mchanga mwenye upungufu huu akipakwa, damu yake inaweza kuvunjika. Mkojo mweusi kama kahawa ni dalili yake, tofauti na ule mwekundu wa kichocho. Ukishathibitishwa, mwambie nesi aandike G6PD juu ya kadi ya kliniki, kwa herufi kubwa, na uioneshe hata dukani unaponunua dawa.