Moli Mbili na Chupa Moja ya Chai

Ubishi ulianza Alhamisi usiku, kwenye kibaraza cha nyumba yetu hapa Malindi, baada ya Isha. Watoto wa kaka yangu walikuwa wameniganda tangu likizo ya Agosti ianze: "Ami, tupeleke Nyali." Si Mombasa mjini, Nyali, ng'ambo ya kisiwa. Mombasa wao walishaimaliza na shule, wakaonyeshwa Fort Jesus, wakapigwa picha na mizinga. Nyali ndiko kwenye moli, yale majumba makubwa ya maduka.

Tabu ni kwamba moli tulizokuwa tukizibishania ni mbili na siku ni moja. Hazikuachana sana, tuktuk dakika chache tu, lakini ukiwa na watoto wawili na mama wa miaka sabini na moja, kutoka hii kwenda ile ni safari juu ya safari. Ya kwanza ni mpya, ina ngazi za umeme na sinema. Ya pili ni ya siku nyingi, imejengwa chini chini kuzunguka ua. Mtoto mkubwa alitaka sinema. Mdogo alitaka ngazi. Dada yangu anayekaa Bombolulu alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne kuitetea ile ya zamani, dakika tatu zikiwa ni habari za jirani yake. Mama alisikiliza yote huku akichambua mchele, kisha akauliza swali moja.

"Huko, mtu hukaa wapi?"

Tukacheka. Niliona ni swali la kizee, tukaamua wenyewe kwa wenyewe: tunaanza na mpya, na wakati ukibaki tutaipitia ya zamani.

Jumamosi alfajiri tulikuwa steji. Mama alikuja na kikapu chake cha ukili, ndani mna chupa ya chai, mahamri yaliyofungwa kwa kitambaa na mbaazi kwenye hotpoti. Nikamwambia huko kuna mikahawa mingi. Akaniangalia kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa.

Kutoka Malindi hadi Nyali si mbali mno, Mombasa yenyewe ni kilomita kama 120, ila dereva alikuwa akiokota abiria kila penye mti na mtu chini yake. Tukapita Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa mkono wa kulia, kijani mpaka macho yanachoka. Kilifi, gari halijasimama sawasawa, madirisha yakajaa korosho. Juu ya daraja mama akaanza hadithi ya feri. Kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 1991, mkondo ule ulivukwa kwa feri, na yeye aliwahi kuchelewa harusi ya binamu yake kwa sababu ya foleni. "Tulifika biriani limekwisha," alisema, na uchungu bado ungali mbichi. Baada ya hapo ni mkonge wa Vipingo, mistari kwa mistari, halafu Mtwapa, ambako kwa sababu ya upanuzi wa barabara tulikaa mahali pamoja muda wa kutosha kumaliza pakiti mbili za korosho.

Bamburi ndiyo karibu iniharibie mpango. Mdogo aliona kibao cha Haller Park, bustani ya wanyama, akataka tushuke. Na hapa mama akamsaidia, maana habari ya kiboko yule sisi watu wa Malindi tunaihesabu kuwa yetu. Tsunami ya Desemba 2004 ilipopiga, kiboko mchanga aliyekuwa ametoka Mto Sabaki alikwama baharini. Wavuvi na watu wa kwetu wakahangaika naye kwa nyavu mpaka akatolewa, akapakiwa kwenye gari, akaletwa hapa Bamburi. Alipofunguliwa tu alikimbilia nyuma ya kobe mkubwa, mzee wa miaka zaidi ya mia, aliyeitwa Mzee kweli. Tangu siku hiyo wakawa wanalala pamoja na kula pamoja, picha zao zikazunguka dunia nzima. Kiboko akapewa jina la Owen.

"Mwaona," mama akawaambia watoto, "hata kiboko akifika ugenini hutafuta kwanza pa kuegemea."

Sikushuka. Nauli nilishalipa mpaka Nyali.

Mlangoni mwa moli mpya kulikuwa na mashine na walinzi. Tangu shambulizi la moli ya Westgate kule Nairobi, Septemba 2013, kupekuliwa mlangoni limekuwa jambo la kawaida, na sina ugomvi nalo. Mlinzi, binti mwenye adabu zake, akafunua kikapu.

"Samahani mama, chakula cha nje hakiruhusiwi."

"Si cha nje hiki, mwanangu," mama akamjibu. "Ni cha nyumbani."

Binti akacheka, lakini sheria ni sheria. Kikapu kikabaki kwenye kaunta ya mizigo, tukapewa kibati chenye namba. Mama alikishika kibati kile mkononi muda wote tuliokuwa ndani, kama mtu aliyeweka dhahabu rehani.

Moli ni nzuri, nisiseme uongo. Baridi, sakafu inang'aa, mahali pa kuswalia wanawake pasafi na maji yapo. Mdogo alipanda na kushuka ngazi za umeme mara kumi na moja, nimehesabu. Mama alizikataa, akihofia buibui lake litaliwa, tukatumia lifti. Kwenye duka la leso alichagua doti moja, akauliza, "Mwisho ngapi?" Muuzaji akatazama kikaratasi cha bei, akamtazama mama, akatazama tena kikaratasi. Mama akairudisha leso taratibu. Si bei iliyomuudhi. Kule sokoni kwetu usipobishana na muuzaji ni kama umepita bila kusalimu.

Saa moja ikapita, magoti yakaanza kudai. Nikatafuta kiti. Viti vilikuwepo, tena vingi, lakini kila kimoja kilikuwa na mwenyewe: hivi vya mkahawa huu, vile vya mkahawa ule. Tukaketi, na kabla mama hajavuta pumzi, kijana akaja na orodha ya bei. Kikombe cha chai shilingi 300. Sukari ikaletwa kwenye vikaratasi, kama dawa ya hospitali.

Mama akanywa kidogo. "Chai hii ni ya kukodi kiti," akasema.

Hapo ndipo swali lake la Alhamisi liliponirudia. Huku kwetu nyumba ya watu huanzia kwenye kibaraza. Mpita njia huketi, hupumzika, wala hakuna anayemuuliza atanunua nini. Sisi tulikuwa tumepanga siku nzima kwa kuhesabu maduka.

Baada ya adhuhuri tukachukua tuktuk. Mkubwa alinuna, kwani sinema aliyoitaka ilikuwa inaanza saa kumi na sisi tulipaswa kuwa njiani saa kumi na moja. Ana haki yake, nimemwahidi siku nyingine.

Moli ya zamani haina cha kumrukisha mtu roho. Maduka mengine yalikuwa yamefungwa, rangi imepauka. Lakini katikati ya ua kuna mwarobaini, na mwarobaini umezungushiwa ukuta wa kimo cha magoti, mpana. Mama aliuona kabla yangu. Mlinzi alikitazama kikapu, akasema tu, "Karibu, mama." Chupa ikafunguliwa. Mahamri yalikuwa yamepoa, mbaazi bado zina joto. Bibi mmoja wa Kisauni akaketi kando yetu, na kabla chai haijaisha wakagundua mume wa shoga yake mama ni jamaa yake. Tulikaa pale saa mbili na nusu, hatukununua kitu. Kwa mtu mwenye orodha ya vitu vya kununua, ile ya kwanza ni bora mbali sana. Mkubwa ataniambia siku nzima kwamba nimekosea, na kwa upande wake ni kweli.

Kabla ya kuondoka mama alitaka kuingia "Nakumati". Kwake yeye kila supamaketi ni Nakumati mpaka leo, ingawa tembo yule wa nembo yake alianguka zamani na Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ivunjwe. Akatoka na kitu kimoja: kiti kidogo cha kukunja, shilingi 850. Hakuomba kupunguziwa.

Kando ya barabara ya Malindi matatu zilikuwa zinakuja kutoka kisiwani zimejaa. Ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mama akakunjua kiti, akaketi, kikapu miguuni. Ya nne ikasimama, makanga akaruka chini, akakitazama kiti.

"Na hicho nacho kinaenda Malindi, mama?"

"Chaenda," akasema, akiinuka polepole. "Lakini nauli hakilipi, chakaliwa."